Vidato Thelathini na Kimoja

Ngazi ina vidato thelathini na kimoja.
Najua, kwa kuwa ni mimi niifagiaye
kabla jua halijapita mnara wa simu wa Utange,
mimi mkata tiketi, mimi mhesabu makarai.

Lilikuwa lundo la kifusi,
timbo lilipofungwa liliachwa hapa kama deni.
Ami Mbwarahaji, mpishi wa meli miaka kumi na tisa,
alilitazama akaona Norwe.
Akalivisha zulia la kijani alilolipata kwa mnada
ukumbi wa harusi ulipofilisika Kongowea,
akalimwagia maji ya sabuni,
akaandika ubaoni kwa chokaa: MLIMA THELUJI.
Herufi ya mwisho ilikosa nafasi,
ikateremka.

Shilingi thelathini kushuka.
Kupanda ni bure.

Bwana mmoja wa bara, mwenye saa nene,
aliingia karaini na viatu vyake.
Kufika chini, akaitazama saa.
"Sekunde nne," akasema.
"Saa mbili toka Diani, feri juu yake,
kwa sekunde nne."
Akamtafuta mkewe amwambie twende.
Mkewe alikuwa juu tena, nyuma ya watoto,
viatu mkononi.

Bi Barke wa Kibokoni alifuata viazi karai.
Nikamwambia viazi bado havijaiva,
karai ndilo lile pale.
Alicheka mpaka akakohoa,
kisha akakunja buibui, akakaa,
wanawe wakishika vichwa.
Huko chini akanipa yangu:
"Sabuni yawasha macho.
Zulia lanuka pilau ya harusi ya watu.
Goti hili, tazama, limechunika.
Na wewe mwanangu, siku nyingine
usinisukume kama mgonjwa."

Mwalimu wa Mtopanga alisema hakuna choo.
Kweli. Hakuna.

Vijana wa Mshomoroni walisema ni mchezo wa watoto,
wakashuka mara sita
kuhakikisha.

Halafu akaja Kadzo, aliyeishi Oslo akarudi,
na ami, aliyeiona Norwe toka bandarini tu,
akaanza kusugua sufuria iliyokwisha kung'aa.
Kadzo alishuka mara moja. Akajipangusa povu.
"Huko," akaniambia, "utakaa kwenye kiti cha waya
dakika kumi, unaning'inia,
baridi inakutafuna masikio.
Hapa si huko. Hata chembe."
Akainamisha kichwa atoe maji sikioni.
"Ila pale juu, ukingo bado umeushika,
hujaachia...
pale ni palepale."
Ami aligeuza viazi ambavyo havikuhitaji kugeuzwa.

Usiku huniuliza, "Wamesemaje leo?"
Nami humhesabia vidoleni:
kifupi, kinawasha, kizuri, kifupi,
ukwaju umezidi chumvi,
kifupi, choo.
Hajibu. Huosha mikono,
hutafuta koleo nyuma ya pipa.

Jumatano nikifagia nilifika juu na thelathini na mbili.
Nikashuka, nikaanza upya,
nikidhani ni usingizi.
Udongo wa kidato kipya ulikuwa bado na unyayo wake,
mpana, wa mtu aliyezoea sakafu inayoyumba.

Wa kwanza kuja alikuwa Fumo wa darasa la pili,
ambaye jana alishuka mara kumi na moja,
tisa kwa deni.
Alipofika chini hakuinuka.
Alikaa ndani ya karai, povu nyusini,
amekunja uso kama karani wa korti.
"Mmekiharibu," akasema.
"Jana kilikuwa kirefu."

Nilifungua daftari.
Yeye keshafika kidato cha nne,
karai kichwani.
Nikaandika: Fumo, kumi.